Somo: Kumtafutia babu kanisa lake kwa hadithi za ukoo

Wengi huanza kwa kumuuliza mzee, "Babu alikuwa akisali kanisa gani?" Atajibu "Mkunazini", kanisa kuu la Waanglikana mjini Zanzibar, kwani ndilo linalojulikana na kila mtu, na hapo umeshapotea. Jina la kanisa liache liwe la mwisho.

Hatua ya kwanza. Uliza kazikwa wapi, kasoma wapi, nani alimsimamia ubatizo, Krismasi wakila kwa nani. Mzee akitoka nje ya swali, mwache. Huko ndiko kwenye mali. Akiridhia, mrikodi kwa simu. Akisema "shamba la misheni", andika hivyo hivyo, usiligeuze kuwa Mbweni, shamba la Waanglikana huko Unguja, kabla hujapata hakika.

Hatua ya pili, nayo ndiyo yenye utamu: fuata safari. Ukiambiwa bibi alitolewa kwenye jahazi la watumwa na manowari ya Waingereza akalelewa misheni, bado hujui misheni ipi. Lakini wakitajwa wenziwe waliopelekwa Bagamoyo, tazama kwa Wakatoliki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao huko mwaka 1868. Wakitajwa waliokwenda Masasi, basi ni Waanglikana, maana Askofu Edward Steere aliondoka na watu walioachwa huru mwaka 1876, nao wakaweka makazi huko. Mvulana "wa Kiungani" alisoma St Andrew's. Msichana wa Mbweni, St Mary's. Zote mbili ni shule za Waanglikana, Unguja.

Hatua ya tatu, pima miaka. Jiwe la msingi la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa. Babu aliyezaliwa 1890 hakubeba mawe yake. Labda ni baba yake, labda ni kanisa jingine. (Kila ukoo una mtu aliyejenga Mkunazini. Wangekuwa kweli wote, kanisa lingefika Darajani.)

Hatua ya nne, nenda kwa padri na jina la ubatizo, jina la nyumbani, mwaka wa kukisia na jina la msimamizi. Omba kwa adabu, vitabu ni vyao. Kisha nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Babu yetu alikuwa Banani, Pemba. Kitabu cha ubatizo sikioni.*

Marahaba. Banani palikuwa pa Marafiki (Wakristo waitwao pia Quakers), waliofika Pemba mwaka 1897, na wao hawabatizi kwa maji. Usitafute ubatizo, tafuta habari za shamba, kazi na ndoa.

*Nyumbani bibi akiitwa jina moja, kanisani jingine. Nishike lipi?*

Yote mawili. Kitabuni utaanza na la kanisani, lakini ukikuta wawili wa jina hilo, msimamizi ndiye atakayewatenganisha.

*Sisi sasa ni Waislamu, na mama mkubwa hataki kabisa habari za misheni.*

Usimlazimishe. Muulize bibi alikuwa akiishi mtaa gani, majirani zake nani, kazikwa wapi. Kaburi likiwa Mbweni, kwenye uwanja wa kanisa la St John, umeshapata pa kuanzia bila kumuudhi.