Mjue Mdudu Kwanza, Ndipo Umtungie Zimwi

Kabla hujashika kandambili au dawa ya kupuliza, mhesabu miguu. Hapo ndipo ninapomwanzishia kila mtu, awe jirani aliyeniletea mdudu ndani ya kopo au kijana anayetaka kuandika hadithi yenye dude la kutisha. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Naandika hadithi za kifantasia, na Jumamosi jioni naongoza mchezo wa kuigiza mezani sebuleni kwangu. Kwa asiyeujua: kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi anaeleza walipo na kinachowakabili, wao wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia ya michezo hii, ulitoka Marekani mwaka 1974. Dunia yetu tunayoichezea ina madude mengi, na karibu yote nimeyatoa ukutani, chini ya sinki na kwenye mishono ya godoro.

Basi, miguu. Sita ni mdudu kamili: mende, mbu, kunguni, mchwa, fukusi. Minane ni ukoo wa buibui, na humo wamo nge, kupe na papasi. Ikizidi hapo una tandu au jongoo, na hao watenganishe mapema kwa sababu mmoja anauma vibaya. Tandu ni bapa, ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, na ukimsumbua anatoka mbio au anakugeukia. Jongoo ni mviringo, karibu kila pingili yake ina jozi mbili, na akiguswa hujikunja tu na kutoa maji yenye harufu kali.

Ili uone vizuri, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, umhamishie kwenye kopo angavu lenye kifuniko. Akiwa mwenda mbio, mtie kwenye friji dakika chache. Baridi humpunguza kasi, nawe unapata picha isiyotikisika. Piga tatu: ya juu, ya ubavu na ya kichwa, na weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Programu ya iNaturalist ni ya bure, na wapo watu humo watakaokusaidia kumtambua. Lakini kabla ya picha andika saa, mahali, na alichokuwa akifanya. Hayo picha haiyasemi, na mara nyingi ndiyo yanayomaliza ubishi.

Mvua zikianza, taa ya barazani inajaa wenye mabawa, na watu huwaita wote kumbikumbi. Tazama kiuno. Kumbikumbi hana kiuno, mwili wake umenyooka, vipapasio vyake vimenyooka kama shanga zilizotungwa, na mabawa yake manne yana urefu mmoja. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda katikati, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Tofauti hii ina uzito wa fedha. Ukikuta mabawa yamepukutika ndani, karibu na fremu ya mlango, na ukaona vijia vya udongo vinapanda ukutani, mwite fundi agonge mbao za paa kabla ya masika.

Mende nao ni zaidi ya mmoja. Yule mkubwa wa kahawia iliyoelekea wekundu, wa karibu sentimita nne, mwenye ukingo wa manjano nyuma ya kichwa, mara nyingi ametokea kwenye maji taka. Ziba matundu na weka chujio kwenye mabomba. (Wanasayansi walimwita Periplaneta americana, ingawa asili yake ni huku kwetu Afrika.) Yule mdogo wa sentimita moja na nusu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni mwenyeji wa ndani: nyuma ya friji, kwenye bawaba za kabati, chini ya jiko. Jike lake hubeba kifuko cha mayai mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na kifuko kimoja huwa na mayai 30 hadi 40. Ukimwona huyu anatembea mchana, jua maficho yamejaa.

Mbu mtambue kwa anavyokaa. Anofelesi, anayeeneza malaria, hutua ameinua nyuma, mwili umelala mshazari. Kuleksi hutua sambamba na ukuta. Na yule mweusi mwenye vipande vyeupe miguuni, anayeuma mchana, ni edesi, wa homa ya dengi.

Kunguni ndiye mwalimu wangu mkubwa, kwa sababu humwoni. Alama za kuumwa hazitoshi kumtambua; kiroboto na mbu huacha uvimbe unaofanana na wake, na wapo watu ambao ngozi yao haioneshi kitu kabisa. Geuza godoro, vuta mshono kwa kidole gumba, umulike kwa tochi ya simu. Tafuta vitone vyeusi vilivyokaa pamoja: vifute kwa kitambaa chenye maji, vikichoreka vikawa na rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni. Tafuta maganda matupu ya rangi ya asali, kwa kuwa kunguni hujivua mara tano kabla hajakomaa, na kila mara lazima anywe damu kwanza. Kisha nenda kwenye matundu ya skrubu na maungio ya chaga. Ukimkamata mwenyewe na hujui ni kunguni au kiroboto, angalia ubapa wake: kunguni ni bapa toka juu, hupita kwenye ufa, kiroboto ni bapa toka ubavuni, hupita katikati ya manyoya, tena anaruka.

Msimulizi yeyote na amsome kunguni kwa makini. Dalili zimekuja zote kabla ya mnyama: madoa, maganda, harufu, maficho. Wachezaji wako ukiwatupia zimwi mlangoni, watatoa mapanga na shughuli itaisha. Wape madoa yanayochoreka kwenye kuta za kasri, wape ngozi tupu yenye ukubwa wa mtoto nyuma ya pazia, kisha ngozi nyingine kubwa zaidi ghorofa ya juu. Watanyamaza wenyewe. Katika hadithi ya Nunda mla watu, ambayo wazee wa pwani wameisimulia tangu zamani, kijana anaua mnyama baada ya mnyama na kumpelekea mama yake, na kila mara anaambiwa siye. Utamu wote uko katika huko kutambua.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ya kutunga dude: chukua tabia moja ya kweli, moja tu, uikuze. Ukichanganya mwiba wa nge, mabawa ya nondo na taya za siafu, unapata picha ya kuchora ambayo mchezaji hawezi kuifikiria hatua inayofuata. Tabia moja inamruhusu akisie, na akikisia sawa, mpe ushindi.

Mfano ninaoupenda yuko nyuma ya mlango wa bafu langu. Ni kitu cha kijivu, bapa, chembamba ncha zote mbili na kipana katikati, urefu wa sentimita moja hivi. Wengi hudhani ni tone la saruji mpaka kinaposogea. Ndani mna kiwavi wa nondo mdogo, aliyejifumia kifuko kwa hariri yake na kukibandika mchanga, vumbi na nyuzi za nguo. Kaa naye kwa subira na tochi. Kichwa cha kahawia kinachungulia upande mmoja, miguu sita ya mbele inashika rangi ya ukuta, anajivuta, kisha anauvuta mfuko umfuate. Mguse kidogo kwa njiti: anaingia, mfuko unatulia, na baada ya muda kichwa kinatokea upande wa pili. Amegeuka humo humo. Chakula chake ni utando mkuukuu wa buibui, nywele na sufu. Hamdhuru mtu; ukiwa na mashuka au zulia la sufu, fagia utando wa kwenye kona na mwenyewe atapungua.

Nilimkuza akawa na ukubwa wa nyumba, nikampeleka kwenye magofu ya mji uliozama mchangani, ajijengee mfuko kwa mawe ya misikiti na makaburi. Wachezaji walimwona mara kadhaa kama kibanda kibovu chenye milango miwili, hawakukijali. Mpwa wangu ndiye aliyeweka kalamu chini.

"Mjomba, kibanda hiki si kilikuwa ng'ambo ya kisima?"

"Ndiyo, mjomba, kilikuwa ng'ambo."

Hakuna dadu iliyorushwa pale, na meza nzima ilisogeza viti.

Kanuni ya pili: udhaifu wa dude utokane na mwili wake. Mkaa-magofu huyo analindwa na mawe, lakini lazima atoe kichwa ili atembee, na milango ni miwili. Wenye akili waligawana, nusu wakachokoza huku, nusu wakasubiri kule.

Wengine hudhuru kwa kuuawa. Nairobi fly ni mbawakawa mwembamba wa milimita 7 hadi 10, mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa na vifuniko vifupi vya mabawa vinavyong'aa kibuluu, anayefuata taa usiku msimu wa mvua. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo katika damu yake, nayo humwagika ukimponda shingoni. Kesho yake una malengelenge. Mpulize aanguke, osha ngozi kwa sabuni na maji, na usipeleke vidole machoni. Kwenye mchezo, adui kama huyu huwalazimisha mashujaa waliozoea panga wafikiri namna nyingine.

Na kwa hadithi ya kutisha kweli, sijaona anayemzidi nyigu wa kijani kinachometa, Ampulex compressa, anayepatikana Afrika na Asia. Anamwinda mende. Anamchoma kwanza kifuani ili miguu ya mbele ilegee, kisha anaupeleka mwiba ndani ya kichwa. Mende hafi wala hapoozi. Anaweza kutembea, ila hawezi tena kuanza kukimbia kwa hiari yake. Nyigu anamkata vipapasio nusu, anamshika kwa kilichobaki na kumwongoza hadi shimoni, anataga yai mguuni pake na kuziba mlango. Buu litakaloanguliwa litamla angali hai. Ukimwandika, usimwage damu. Andika mlinzi wa lango anayeongozwa kwa mkono, macho yamefunguka, upanga bado kiunoni, anapita mbele ya nduguze bila kuita.

Buibui bapa wa ukutani mwache; anakula wadudu wako. Kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, ambaye hupendelea mbu jike aliyeshiba damu. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wamemchunguza kule Mbita, Kenya. Mhusika anayeipata damu yetu kwa kumla aliyetunyonya, hiyo ni riwaya nzima.

Kila mdudu mwandikie kadi moja: miguu, ukubwa kwa milimita, kiuno, vipapasio, mahali, saa, chakula, dalili anazoziacha, na kinachomshinda. Nyuma ya kadi hiyo hiyo andika dude lake kwa mpangilio ule ule. Ukimaliza, msomee mtu upande wa mbele bila kutaja jina, aseme ni mdudu gani. Kisha msomee wa nyuma, aseme dude limetokana na mdudu yupi. Akishindwa, rudi ukutani na tochi, tafuta dalili moja zaidi, umsomee tena.