Ukienda Amu kwa barabara, kitambulisho kiwe mfukoni

Mnaopanga kwenda Amu (kisiwa cha Lamu) kwa basi kutoka Mombasa, kitambulisho msikifungie kwenye begi la buti. Ukishapita Malindi na kuingia njia ya Garsen na Witu kuna vizuizi vya polisi, na mara nyingine abiria huteremshwa wote, kila mtu na kadi yake mkononi. Mimi siku moja yangu ilikuwa ndani ya begi. Utingo akalazimika kupakua magunia mawili ya vitunguu ndipo alifikie, basi zima likinitazama. Aibu ile!

Pandeni gari la alfajiri, na mkae upande wa kushoto. Jua la asubuhi huchoma kulia mpaka Malindi.

Basi lenyewe halifiki Amu. Linaishia Mokowe, bara, kisha unavuka kwa boti. Wenye gari zao ni vivyo hivyo, wanaliacha Mokowe, maana mji ule ni vichochoro vya punda na mikokoteni. (Hata wa ndege hatoroki bahari: anatua Manda, kisiwa cha jirani, naye anavuka.) Ulizeni nauli ya boti kabla hamjakanyaga ndani, na muwe na pesa ndogo ndogo. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za gatini huota mwani, zinateleza kama sabuni. Mpe baharia mzigo kwanza, ndipo ushike mkono wake ushuke.

Sanduku la magurudumu? Liacheni nyumbani.