Kupima hewa ukaa ya meli ya mizigo

Anza na mafuta yaliyochomwa, si yaliyonunuliwa: yaliyokuwa tangini mwanzo, jumlisha yaliyopakiwa, toa yaliyobaki. Fanya hesabu kwa tani. Kipimo cha tangi hutoa ujazo, na mafuta mazito yakipashwa moto hutanuka. Usiporekebisha kwa joto, tani zitazidi uhalisia.

Zidisha tani za kila aina kwa kigezo chake cha IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), yaani tani za hewa ukaa kwa kila tani ya mafuta: mafuta mazito 3.114, dizeli ya meli 3.206. Usichanganye, maana meli nyingi hubadili mafuta safarini.

Tuseme meli imechoma tani 300 za mafuta mazito kwa maili 3,000 za baharini. Hewa ukaa ni tani 934.2. Geuza ziwe gramu, kisha gawa kwa uwezo wa kubeba (tani 50,000) mara maili: gramu 6.2 hivi kwa kila tani ya uwezo kwa kila maili.

Wengi husahau jenereta na boila meli ikiwa nangani. Mafuta huliwa, maili haziongezeki, na wastani wa mwaka huharibika. Tangu 2023 wastani huo huipa meli daraja, A (bora) hadi E (duni). Ikipata E mwaka mmoja, au D miaka mitatu mfululizo, mpango wa marekebisho ni lazima.