Redio ya Gari Ikipiga Mluzi, Anza na Ethi

Juzi alikuja ami mmoja na Probox yake, ile anayoletea samaki kutoka Ngomeni hadi hapa Malindi mjini. "Fundi, redio yangu yapiga mluzi kama birika, na nikikanyaga mafuta nao wapanda." Alikuwa ameshanunua vichujio viwili vya kelele, akaviunga vyote, na mluzi haukupungua hata kidogo. Yaniuma kuona mtu akitoa pesa zake kabla hajajua ugonjwa wenyewe, kwa hivyo nimeona niandike namna ninavyoutafuta.

Kwanza sikiliza. Washa redio, injini ikiwa imezimwa. Kama ni kimya, washa injini uikanyage polepole. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini unatokana na alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Tik-tik inayokimbia na injini ni ya plagi, waya zake au koili. Ikija tu ukiwasha waipa, mota ya waipa ndiyo yenye kelele.

Kisha punguza sauti hadi sufuri. Mluzi ukibaki vile vile, kelele inaingia baada ya redio, yaani kwenye waya za RCA (zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe) au kwenye amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti. Ukipotea pamoja na sauti, inaingia kabla: antena, au simu. Kama simu imeungwa kwa waya wa sauti na papo hapo inachaji kwenye soketi ya kiberiti, chomoa chaja usikilize tena. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Ukielewa kwa nini chaja huleta mluzi, umeelewa karibu yote. Umeme ukishafanya kazi hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi. Simu ile imepata njia mbili za kurudi, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa sauti. Volti za njia hizo hazilingani sawasawa, kwa hivyo umeme kidogo hupita kwenye waya wa sauti, umebeba mtikisiko wa alteneta, na amplifaya huukuza kama inavyoukuza wimbo. Redio iliyo mbele na amplifaya iliyo nyuma hufanya vivyo hivyo ethi ya mojawapo ikiwa mbovu.

Basi nilimwomba ami afungue buti. Nikainua zulia, kisha ubao. Maji ya barafu ya samaki yalikuwa yamevuja na kukauka humo, yakaacha ukoko mweupe. Waya mweusi wa amplifaya ulikuwa umebanwa kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi, hata bati halikukwaruzwa. Kichwa cha shaba kilikuwa kijani kitupu, nikakigusa kikapukutika kidoleni.

Hata hivyo sikukisingizia kabla ya kupima. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri, usiobadili mwelekeo), ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Waya wa mita hautafika, uongeze. Injini iwe inanguruma, taa zimewaka, muziki uko juu. Isizidi volti 0.1. Ya ami ilisoma 0.7.

Dawa yake haihitaji duka. Ondoa hasi ya betri. Tafuta bati nene la bodi karibu na amplifaya, waya usizidi kama sentimita 45, na uwe mnene sawa na ule wa chanya. Achana na bolti za kiti na za mkanda. Kwaruza kwa msasa mpaka bati ling'ae kama sarafu mpya, fungia kichwa kipya kwa bolti na washa yenye meno, kaza, halafu paka grisi juu ya kiungo chote. Kwa sisi wa pwani grisi hiyo ni lazima. Hewa ya bahari peke yake yatosha kula shaba. Ami aliporudishiwa gari mita ilisoma 0.03, mluzi umekwisha, na vichujio vyake nilivitoa nikamkabidhi.

Ethi ikiwa nzima na mluzi bado upo, zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha washa. Tafadhali usizichomoe redio ikiwa inawaka. Baadhi ya redio zina kifyuzi kidogo ndani kwenye ethi ya RCA, kikiungua unajiletea mluzi mpya. Kimya kikirudi, amplifaya haina kosa, fuata waya hizo kuelekea mbele. Ukikuta zimelazwa bega kwa bega na waya mkubwa wa betri, zihamishie upande wa pili wa gari; pasipo budi kukutana, zivukane kwa umbo la msalaba. Angalia na geini ya amplifaya, yaani kirungu cha kupandisha ukuzaji wake: ikifunguliwa hadi mwisho, hata kelele ndogo itasikika.

Alteneta nayo ipime. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.4 kwenye DC. Geuza mita kwenye AC (umeme wa kwenda na kurudi): ikikaribia nusu volti, shuku daiodi za alteneta, zile zinazoigeuza AC yake kuwa DC. Mita za bei rahisi huweza kuonyesha kama 28 hapo, kwa sababu zinaisoma DC ya betri kimakosa. Geuza ncha, ikishuka sufuri basi usiiamini kwa kipimo hiki. Na nawasihi, msing'oe kichwa cha betri injini ikiwaka eti mwajaribu alteneta. Volti huruka ghafla, na zaweza kuua kompyuta ya gari.

Kichujio ni cha mwisho kabisa, baada ya haya yote. Vile vya bei rahisi vya kuweka kwenye RCA hupunguza besi, kwa hivyo sikiliza wimbo unaoujua vizuri kabla hujakilipia.