Namna ya Kushirikiana na Wachora Ramani wa Nchi za Nje kupitia Mtandao

Tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti Januari 2010, watu wa kujitolea waliotawanyika duniani waliichora Port-au-Prince kwa siku chache tu katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure, wakifuata picha za setilaiti. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, waliuchora mtaa wao pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaziendea kata nyingine zinazosumbuliwa na mafuriko. Kikundi chochote cha mtaa au kijiji kinaweza kuomba ushirikiano wa aina hii.

Anzeni na hitaji moja lililo wazi, kwa mfano kujua ni nyumba zipi huingiwa na maji mfereji unapoziba. Mjulisheni mapema mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kwa sababu vijana wanaopita wakipiga picha nyumba za watu huzua hofu upesi. Kisha pelekeni ombi kwa jumuiya ya wachora ramani ya nchini kwenu, au kwa Missing Maps, ushirika ulioanzishwa mwaka 2014 na mashirika yakiwemo Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza.

Eneo lenu litagawanywa vipande vidogo. Mmoja atachora, mwingine atakagua. Hata hivyo, mchoraji aliye Berlin huona paa tu, na hawezi kujua kama chini yake pana zahanati, ghala au madrasa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa kazi nzima: majina yatoke kwa wenyeji, yaandikwe kama wanavyoyatamka, na mabishano kuhusu mpaka wa mtaa yaamuliwe na wazee wa hapo, si na wageni kwenye kundi la WhatsApp.

Picha za uwanjani zitumeni WhatsApp kama faili, kwani zikitumwa kwa njia ya kawaida hupoteza ubora pamoja na taarifa za mahali zilipopigiwa.

Ramani hii huonwa na kila mtu. Kwa hiyo msiweke majina ya wenye nyumba, wala nyumba wanakohifadhiwa wasichana waliokimbia ukeketaji.

Kazi ikikamilika, chapisheni ramani kubwa, ibandikeni katika ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na kalamu, na masahihisho ya wakazi yarudisheni kwa wachoraji.