Kabla ya mfungo: daku ya mtu mwenye sukari

Kungoja Shaabani ni kuchelewa. Mwenye sukari anayetaka kufunga amwone daktari tangu Rajabu, wiki 6 hadi 8 kabla, hasa akiwa anadunga insulini au anameza glibenclamide, kwani dawa hizo zinaweza kuishusha sukari tumbo likiwa tupu. Wengine wataambiwa wasifunge. Atakayeruhusiwa atapangiwa dozi na saa zake. Asijipunguzie mwenyewe kwa kukisia.

Likishapita hilo, ndipo jikoni. Mfungo wa Mombasa ni saa 13 na ushei, na daku ndiyo akiba. Mkate mweupe humeng'enywa upesi: sukari hupanda damuni kwa kasi, insulini ikaifuata, na kabla ya adhuhuri mtu ana njaa. Sasa chukua punje ya mbaazi iliyoiva, uibonyeze kwa vidole. Ganda linateleza, lakini ndani wanga bado umejifungia katika kuta za chembe, na vimeng'enya huufikia kidogo kidogo. Kwa kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari damuni, walichokianzisha David Jenkins na wenzake kule Toronto mwaka 1981, glukosi ni 100, na chakula cha 55 kushuka chini huhesabiwa cha polepole. Mbaazi, kunde, ndengu na maharage kwa kawaida zimo humo.

Najua nitachukiwa, lakini tatizo la mbaazi za nazi si mbaazi. Ni yale mahamri manne yanayoandamana nazo, unga mweupe na sukari ndani ya mafuta. Chukua moja, ongeza mbaazi. Na nazi iwe ya kiasi. Mafuta huchelewesha chakula tumboni, ni kweli, ila ukilala na tui zito baada ya alfajiri, kiungulia utakiona.

Wali je? Kiporo kina heshima yake. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake huwa sugu: hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, ukachachuliwa na bakteria kwenye utumbo mpana. Ukiupasha moto, usugu huo hauondoki wote. Tofauti ni ndogo, usijihalalishie sinia zima. Na kwa joto letu, wali usilale mezani. Ukipoa tu utie kwenye friji, na ukiupasha uchemke hasa, maana kuna vijidudu vya wali vinavyotapisha. Uji wa wimbi pia ni mzuri, ingawa unga uliosagwa laini sana hauna tena ule upole wa nafaka nzima.

Tumbo nalo litayarishwe. Asiyezoea kunde akizianza usiku wa kwanza atashinda amevimbiwa, kwa kuwa sukari zake nyingine humalizikia kwa bakteria wa utumbo mpana, nao hutoa gesi. Wiki mbili kabla, anza na vijiko vitatu vinne, kisha ongeza. Roweka usiku kucha, yale maji yamwage. Kati ya futari na daku kunywa maji ya kutosha. Nyuzinyuzi bila maji hufunga choo.

Mwisho, mashine ya kupima iwe nyumbani na vijiti vyake visiwe vimeisha muda. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (kwa mmol/L), mfungo ukatizwe hapo hapo, hata kama maghribi imebaki nusu saa. Dalili za kushuka ni kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa. Hapo bakuli la mbaazi halisaidii, kwa sababu ile ile iliyolifanya lifae daku: linachelewa. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na utafute gari la kumpeleka hospitali.