Kabla logi hazijaielemea hifadhidata yako

Acha kuandika rekodi moja moja. Kusanya logi (rekodi za matukio ya mfumo) mia tano au elfu moja, zitume kwa mkupuo ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la maandishi linalokubaliwa kwa pamoja. Kila muamala unapofungwa, hifadhidata husubiri diski ithibitishe kuwa imeandika. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hupiga mizunguko 120 kwa sekunde, na kila kusubiri hula takriban mzunguko mmoja, basi piga hesabu mwenyewe. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL tumia COPY, amri ya kuingiza rekodi nyingi kwa pamoja. INSERT, amri ya kawaida ya kuingiza rekodi, haioni ndani.

Punguza indeksi, zile orodha za kuharakisha utafutaji. Baki na ya muda, nyingine zisubiri mtu azililie.

Kwa logi, synchronous_commit (mpangilio wa kusubiri diski kila muamala unapofungwa) unaweza kuizima: umeme ukikatika unapoteza miamala ya mwisho tu, ya muda usiofika sekunde moja, jedwali linabaki salama. fsync, mpangilio unaohakikisha data imefika diskini kweli, usiiguse. Nimesema usiiguse.

Sasa kufuta. Hapa ndipo nilipotoka jasho. Jedwali letu lilikuwa limevimba, diski imebaki asilimia nane. Saa tano usiku nikaachia DELETE ya miezi mitatu, nikalala. Saa tisa simu inaita: hakuna kinachoandikika. Nacheki nafasi ya diski kwa amri ya df -h, 100%. Yaani nimefuta ili nipate nafasi, na kufuta kwenyewe ndiko kumeimaliza! Kumbe DELETE haiziondoi rekodi, huzitia alama tu kwamba zimekufa, na kila alama huandikwa kwenye WAL, faili zinazorekodi kila badiliko. Seva ya nakala, inayofuatisha mabadiliko hayo, nayo ilikuwa imekwama tangu jioni bila mtu kujua, kwa hiyo WAL zote zikashikiliwa zikiisubiri. Tukatupa chelezo (nakala za akiba) za zamani, seva ikainuka, nikakimbilia VACUUM FULL, amri ya kuondoa rekodi zilizokufa ili nafasi irudi. Ikafia njiani, maana huandika jedwali jipya zima kabla ya kuliachia la zamani. Kulipopambazuka bado nilikuwa nimevaa shati la jana.

Kwa hiyo ligawe jedwali kwa siku tangu mwanzo. Muda wa kuhifadhi ukiisha, DROP TABLE kwa kigawanyo cha siku hiyo, faili linaondoka na nafasi inarudi papo hapo. Ila vigawanyo vya wiki ijayo viundwe mapema, kwa sababu rekodi isiyo na kigawanyo chake hukataliwa, na saa sita kamili usiku si saa ya kugundua hilo.

Weka tahadhari diski ikifika asilimia 70. Fuatilia seva ya nakala imebaki nyuma kiasi gani. Jaribu kwa mzigo wa kweli, si rekodi kumi za kwenye kompyuta yako. Na hizo chelezo, umewahi kuzirejesha hata mara moja?